Rubani Anaomba, Kompyuta Inaamua

Tarehe 20 Januari 1974, katika kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California, rubani wa majaribio Phil Oestricher alikuwa akiikimbiza ndege mpya ya kivita, YF-16 (mfano wa majaribio wa F-16), kwenye njia ya kurukia. Haikupangwa ipae siku hiyo. Ilikuwa ni kuipima mwendo wake ardhini tu, kisha irudishwe bandani. Mara ndege ikaanza kuyumba, bawa la kushoto chini, la kulia chini, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka kibawa cha mkiani kikakwaruza lami. Oestricher akaona kwamba kuing'ang'aniza ardhini ndiko kutakakomuua. Akaongeza nguvu ya injini, akapaa, akazunguka kama dakika sita, akatua salama. Safari "ya kwanza" iliyokuwa kwenye ratiba ikafanyika siku kumi na tatu baadaye.

Kilichomtikisa hakikuwa upepo wala injini. Usukani wa YF-16 ulikuwa kijiti kilichofungwa pembeni mwa kiti, upande wa mkono wa kulia, na kijiti chenyewe kilikuwa hakisogei. Kilipima nguvu ya kiganja tu. Ukikibana kuelekea kulia kinapeleka ishara ya umeme kwenye kompyuta, nayo kompyuta inaviamuru vibawa vya mabawani na mkiani vijipinde kiasi fulani. Siku ile mitambo ilikuwa imepangwa kuitikia kupita kiasi: rubani akigusa kidogo, ndege inajibu sana, akirekebisha, inajibu sana upande wa pili. Ukali huo ukapunguzwa, na baadaye kijiti nacho kikaachiwa kisogee kidogo, maana mkono wa binadamu hauna imani na kitu kisichotikisika.

Ukitaka kuelewa ndege za kivita za leo, anzia kwenye kijiti hicho. Katika ndege za zamani usukani uliunganishwa na vibawa kwa nyaya za chuma na fito, na baadaye kwa mabomba ya mafuta yenye shinikizo kubwa. Mkono ukivuta, kibawa kinapinda. Katika YF-16 na karibu kila ndege ya kivita iliyofuata, mkono wa rubani haufiki kwenye kibawa. Rubani anapeleka ombi: "nataka kugeuka kulia, kwa nguvu hii". Kompyuta inalipima ombi hilo kwa kuangalia mwendo, kimo na pembe ambayo ndege inaukabili upepo, halafu inatoa inachoona kinafaa. Akiomba kitu kitakachovunja bawa, hapewi. Tatizo la kitaalamu, ajali na ugomvi wa kisiasa unaozizunguka ndege hizi vinatokana na uhusiano huo wa mwombaji na mwombwa.

Kwa nini mtu mwenye akili zake aweke kompyuta kati ya rubani na ndege yake? Jibu liko kwenye mshale. Mshale una manyoya nyuma ili usipinduke hewani. Ukiyumba kidogo, manyoya yanaurudisha. Ndege nyingi zimeundwa hivyo hivyo. Uzito umewekwa mbele kidogo na mkia unasukuma chini ili kuweka usawa, kwa hiyo rubani akiachia usukani ndege inajinyoosha yenyewe. Ni tabia nzuri kwa abiria. Kwa ndege ya kupigana ni hasara mara mbili: mkia unaosukuma chini unakula sehemu ya nguvu ya kuinua iliyotengenezwa na mabawa, na ndege inayopenda kwenda moja kwa moja ni nzito kuigeuza pale unapotaka kugeuka haraka.

Sasa weka fimbo wima juu ya kiganja chako. Haitaki kusimama, inataka kuanguka upande wowote, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi sana kuielekeza unakotaka. F-16 iliundwa kwa mtindo huo wa fimbo. Inapokwenda kwa mwendo wa chini ya sauti, pua yake ina hamu ya kuinuka au kuzama, na kompyuta ndiyo inayosogeza kiganja chini yake muda wote. Marekani ilikwenda mbali zaidi na X-29, ndege ya utafiti iliyoruka mwaka 1984 ikiwa na mabawa yaliyoelekea mbele. Hiyo ilikosa utulivu kiasi kwamba kompyuta zake zilifanya masahihisho hadi mara 40 kwa sekunde. Hakuna rubani mwenye mkono wa namna hiyo. Kompyuta zikizimika zote kwa pamoja, ndege inasambaratika kabla mtu hajajua kuna tatizo.

Mifumo ya kwanza ya YF-16 ilikuwa ya analogi, yaani saketi za umeme zilizopangwa kufanya hesabu fulani na si nyingine. Programu halisi, inayoweza kuandikwa na kufutwa, ilitokea upande wa anga za juu. Tarehe 25 Mei 1972 NASA ilirusha F-8 Crusader iliyoondolewa fito zake za usukani na kufungwa kompyuta ileile iliyowapeleka watu mwezini, ya Apollo. Neil Armstrong, ambaye wakati huo alikuwa ofisini NASA, ndiye aliyependekeza itumike. Kompyuta hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya kama kilobaiti 72 na ya muda ya kama kilobaiti 4. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuingia humo. Tena kumbukumbu ya kudumu ilifumwa kwa mkono: waya ikipita ndani ya pete ya sumaku ni moja, ikipita nje ni sifuri. Kurekebisha kosa la programu kulimaanisha kufumua na kufuma upya. Nadhani waandishi wa programu wa leo wangekuwa waangalifu zaidi kama wangelazimika kufuma.

Watu hushangaa wakisikia kwamba hata leo kompyuta inayoongoza ndege ya kivita inaweza kuwa dhaifu kuliko simu yao. Linganisha kazi zenyewe. Simu ikikwama nusu sekunde unanung'unika tu. Kompyuta inayotakiwa kusahihisha mara 40 kwa sekunde ina elfu-sekunde 25 (sehemu 25 kati ya 1,000 za sekunde moja) za kusoma vihisi, yaani vifaa vya kupima, kufanya hesabu na kutoa amri, na jibu sahihi likija kwenye ya 26 ni jibu la ndege iliyokwishafika mahali pengine. Wahandisi hawatafuti kasi ya wastani. Wanataka uhakika kwamba hata katika hali mbaya kuliko zote hesabu itaisha ndani ya muda. Uhakika huo unachukua miaka kuuthibitisha, na ukishathibitishwa hakuna anayetamani kuugusa. Ndiyo maana kompyuta za ndege huwa zimepitwa na wakati siku zinapoanza kazi.

Halafu kuna swali la kompyuta kuharibika. Dawa yake inajulikana: funga kadhaa, zipige kura. F-16 ina njia nne za kuongozea zinazofanya kazi sambamba. Ikitokea moja inasema "inua" na tatu zinasema "shusha", ya kwanza inanyamazishwa na safari inaendelea. Kwa vifaa vinavyoungua au waya zinazokatika, mpango huu ni mzuri sana. Kwa programu, una tundu. Kompyuta nne zenye programu moja ni kama wanafunzi wanne walionakili daftari moja. Wakikosea watakosea pamoja, na kura itapita bila kupingwa. Chombo cha anga cha Shuttle kilibeba kompyuta tano kwa sababu hiyo: nne zikiwa na programu moja, ya tano ikiwa na programu iliyoandikwa na timu nyingine kabisa.

Tundu jingine ni baya zaidi, kwa sababu kompyuta zinaweza kuwa zima, programu ikawa haina kosa, na ndege bado ikaanguka. Tarehe 23 Februari 2008 ndege ya kudondosha mabomu aina ya B-2 (si ya kupambana angani, lakini inaongozwa kwa mtindo huohuo) ilikuwa ikiondoka kambi ya Andersen, kisiwani Guam. B-2 inajua mwendo wake kwa vihisi 24 vya shinikizo la hewa vilivyotawanywa mwilini mwake. Unyevu ulikuwa umeingia katika vitatu. Mafundi walipovipima walisahihisha vipimo wakati maji yakiwa ndani. Kipasha joto kilipowashwa maji yakakauka, na masahihisho yale yakageuka uongo. Kwenye njia ya kurukia kompyuta ikaamini ndege ina mwendo mkubwa kuliko uhalisi, na kwamba pua imeelekea chini. Rubani akainua ndege ikiwa bado haijafikisha mwendo, na kompyuta, ikidhani inaiokoa, ikainua pua kwa nyuzi 30. Bawa la kushoto likagusa ardhi. Marubani wawili waliruka kwa viti vya dharura wakaishi, na dola bilioni 1.4 zikateketea pembeni mwa njia.

Kompyuta ilifanya kila ilichofundishwa. Ilidanganywa tu. Rubani wa zamani angeuhisi uzito wa usukani mkononi akajua kwamba mwendo hautoshi. Siku hizi hisia hiyo nayo inatengenezwa na mashine.

Aina ya tatu ya msiba inatokea pale mtu na mashine wanapoanza kusahihishana. Umewahi kukutana na mtu kwenye ujia mwembamba, ukampisha kushoto naye akapisha hukohuko, mkarudi kulia pamoja? Gripen, ndege ya kivita ya Sweden, ilipoteza mbili kwa namna hiyo. Ya kwanza, ya majaribio, ilianguka ikitua Linköping tarehe 2 Februari 1989. Ya pili ilianguka tarehe 8 Agosti 1993, katikati ya Stockholm, mbele ya umati uliokuja kwenye tamasha la maji, na aliyekuwa ndani alikuwa rubani yule yule. Alinusurika zote mbili. Ndege ya pili iliangukia sehemu ndogo yenye miti kandokando ya daraja lililojaa watu, na hakuna aliyekufa. Ukitazama ramani ya mahali pale unashindwa kuelewa ilikuwaje.

Vibawa vina mwendo wao wa juu kabisa; haviwezi kupinda haraka kuliko nguvu ya mitambo inayovisukuma. Rubani akisukuma usukani huku na huku kwa kasi, maombi yake yanajipanga foleni. Anaomba "kulia", haoni kitu, anaongeza. Mara "kulia" ya kwanza inatimizwa wakati yeye ameshaanza kuomba "kushoto". Kuanzia hapo kila amri yake inarekebisha hali iliyokwishapita na inachochea yumbo linalofuata. Tiba ilikuwa kwenye programu: hesabu zikaandikwa upya ili mfumo ujue kwamba umefika kikomo na usiache ombi la rubani lichelewe kiasi hicho. Chuma hakikuguswa sana. Ndege ileile, ukibadilisha mistari ya msimbo, yaani maandishi ya programu, inakuwa ndege nyingine.

Mahali pamoja ambapo rubani anafurahi kunyang'anywa usukani ni pale anapozimia. Ndege ikigeuka kwa nguvu ya G 8 au 9, yaani mwili ukilemewa na uzito wake mara 8 au 9, damu inakimbilia miguuni na ubongo unakosa hewa. Mwaka 2014 Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuziwekea F-16 programu inayolinganisha njia ya ndege na ramani ya ardhi iliyohifadhiwa ndani yake. Ikiona kugonga ardhi hakukwepeki isipokuwa sasa hivi, inasawazisha mabawa ya ndege na kuivuta juu kwa G 5. Sehemu ngumu ya kazi haikuwa kuokoa. Ilikuwa kusubiri, kwa sababu programu inayoingilia mapema inamkera rubani anayeruka chini kwa makusudi, na rubani aliyekereka ataizima.

Mwaka 2016 mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa akijifunza juu ya Arizona alizimia katika mgeuko wa namna hiyo. Video ya kioo cha mbele ya macho yake, kinachoonyesha tarakimu za ndege, ilitolewa kwa umma, na ni ngumu kuitazama: tarakimu za kimo zinaporomoka, pua imeelekea ardhini, sauti ya mwalimu redioni inamwambia ajiokoe, anarudia kwa sauti kubwa zaidi, hakuna jibu. Halafu upeo wa macho unazunguka ghafla, ndege inajivuta, na pumzi za mtu anayezinduka zinasikika.

Mpaka hapa tumeongelea kuruka tu, na kuruka ni sehemu ndogo ya programu iliyomo. Katika takwimu za Marekani zinazonukuliwa mara kwa mara, kazi zilizotegemea programu katika F-4 Phantom ya mwaka 1960 zilikuwa asilimia 8. Katika F-16 ya 1982 zikawa 45, na katika F-22 ya 2000 zikafika 80. F-22 ina mistari ya msimbo milioni 1.7 hivi, F-35 ina milioni 8 hivi ndani ya ndege yenyewe, bila kuhesabu ya ardhini.

Nyingi ya hiyo ni kazi ya kuona. Katika Phantom kulikuwa na mtu wa pili kiti cha nyuma, macho kwenye skrini ya rada, akitafsiri madoa na kumweleza mwenzake kwa mdomo. Katika F-35 rada, kamera sita za joto zilizoizunguka ndege, antena zinazosikiliza rada za adui na taarifa za ndege wenza zote zinamiminwa kwenye kompyuta, nayo inatoa alama moja: hiki hapa, ni cha aina hii, kinaelekea kule. Picha inaletwa ndani ya helmeti. Rubani akitazama miguuni pake anaona ardhi iliyo chini ya ndege kana kwamba sakafu haipo. Anachokiona, basi, ni maoni ya programu kuhusu ulimwengu. Programu ikihesabu ndege moja kuwa mbili, zitakuwa mbili.

Makosa mengine ya programu za namna hii yanachekesha mtu aliye ardhini. Februari 2007 kundi la F-22 lilitoka Hawaii likielekea Japani. Zilipovuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, ule ambao ukiuvuka leo inakuwa kesho, kompyuta zikachanganyikiwa. Vifaa vya kuonyesha njia na sehemu ya mawasiliano vikazima. Marubani walijaribu kuzima na kuwasha, kama afanyavyo kila mtu. Haikusaidia. Wakageuza wakazifuata ndege za mafuta zilizokuwa zikiwasindikiza, mpaka Hawaii. Siku chache baadaye msimbo ulikuwa umesahihishwa. Kungekuwa na mawingu mazito au adui, kicheko kisingekuwepo.

Mengine hayachekeshi, yanakula fedha. Kuanzia Julai 2023 serikali ya Marekani ilikataa kupokea F-35 mpya zenye kompyuta za kizazi kipya, kwa sababu programu yake ilikuwa haijakamilika. Injini zilikuwepo, mabawa yalikuwepo, rangi imepakwa. Zikaegeshwa mwaka mzima, na zilipoanza kupokelewa Julai 2024 zilikuja na programu pungufu, inayofaa mafunzo tu. Zamani kiwanda kilichelewa kwa sababu ya injini.

Ukinunua F-35 unanunua na utegemezi wa faili. Ili itambue rada ya adui, ndege inahitaji maktaba ya ishara zake, na maktaba hizo huandaliwa katika maabara maalumu, kubwa ikiwa kambi ya Eglin, Florida. Maktaba ikichakaa, ndege inabaki na macho yasiyojua inachokitazama. Matengenezo nayo yanapita kwenye mtandao wa kompyuta. Ule wa kwanza, ALIS, ulisumbua mafundi kiasi kwamba mwaka 2020 ilitangazwa utabadilishwa na mwingine, ODIN. Mwaka 2006 Uingereza, mshirika mkubwa kuliko wote katika mradi, ilitishia kujitoa hadi ihakikishiwe kwamba itaweza kuzitumia na kuzirekebisha ndege zake kwa uhuru. Israel ilijadiliana hadi ikaruhusiwa kuingiza mifumo yake yenyewe. Watu huuliza kama kuna swichi ya siri ya kuzizima F-35 kutoka mbali. Mimi naona swali hilo linakosea njia. Swichi ya nini, wakati kuacha kutuma masasisho kunatosha?

Swali la mwisho lililobaki ni kama mwombaji mwenyewe anahitajika. Agosti 2020, katika shindano la DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, programu ya akili mnemba ilimshinda rubani mzoefu wa F-16 kwa mapambano 5 kwa 0. Ilikuwa ndani ya kompyuta, na programu ilipewa taarifa kamili za mahali alipo mpinzani, jambo ambalo angani halipatikani, kwa hiyo sikushtuka sana. Kilichofuata kina uzito zaidi. Huko huko Edwards kuna ndege iitwayo X-62A, F-16 ya viti viwili ambayo tangu miaka ya 1990 kazi yake ni kujifanya ndege nyingine: unabadilisha programu, inaruka kama aina unayotaka. Kati ya Desemba 2022 na Septemba 2023 ilifanya safari 21 ikiongozwa na akili mnemba, na katika muda huo zaidi ya mistari 100,000 ya msimbo unaogusa uhai wa ndege ikabadilishwa. Mwisho wake ikapambana angani na F-16 halisi iliyorushwa na mtu.

Tarehe 2 Mei 2024 Frank Kendall, waziri wa Jeshi la Anga, aliketi kiti cha mbele cha X-62A ikapambana tena, yeye akiwa abiria. Katika mapambano ya mwaka uliotangulia kulikuwa na marubani wa usalama ndani, wenye swichi ya kuiondoa programu wakiona inakwenda vibaya. DARPA ilisema hawakuigusa hata mara moja.